Lami Ilipoishia

Nyumbani kwetu kuna mameya wastaafu wawili na bafu moja. Nalitaja hili mapema ili ieleweke kwamba shule ya bweni ilipofungwa nikarudi likizo, sikurudi kupumzika. Nilirudi kazini, katika wizara ya mambo ya ndani.

Meya wa kwanza ni babu mzaa baba. Mji mzima unamwita Babu Nia, kwa sababu katika miaka yake yote ya madaraka hakutoa hotuba isiyoanza na maneno "Nia yangu ni". Alinuia kujenga maktaba. Alinuia kuleta maji ya bomba. Kaulimbiu yake ilikuwa penye nia pana njia, na wenye ndimi za wembe wakaigeuza: penye Nia hapana njia. Maktaba ina kuta zote nne hadi leo, bado paa tu. Mabomba nayo yalifika kweli. Shida ni kwamba nusu aliyaagiza karani wake na nusu aliyaagiza yeye mwenyewe, na babu, alipoandika tatu, aliweka kialama kimoja juu badala ya viwili. Fundi yeyote atakwambia: viwili ni inchi, kimoja ni futi. Bomba la karani linapitisha mkono wa mtoto. Bomba la babu linapitisha mtoto mwenyewe, akiwa ameketi. Baba yangu alisomea ufundi bomba kwa ajili ya kuyaunganisha hayo mawili, na siku hizi akiulizwa anajibu kwamba ufundi una mipaka yake.

Meya wa pili ni babu mzaa mama, Babu Lami. Huyu alimwangusha Babu Nia kwenye uchaguzi, na hakuwahi kumwambia mtu nia yake ni nini. Hakuwa na haja, ilionekana kwa macho. Alikuwa na tanuru la matofali nje ya mji na malori yake yalikuwa yakikwama kwenye tope. Alipokalia kiti tu, lami ikatoka sokoni, ikapita mbele ya nyumba yetu, ikanyooka hadi kwenye geti la tanuru. Leo barabara hiyo inapita wanafunzi, wauza mboga, na wajawazito wanaokwenda zahanati iliyo mbele ya tanuru, ambako mama yangu ni mkunga. Malori ya matofali yenyewe yamebaki mawili, na moja halina injini.

Babu Lami alihamia kwetu pamoja na bibi baada ya kuvunjika nyonga. Hivyo wapinzani wakawa chini ya paa moja, jambo ambalo maktaba haijawahi kulipata. Hawasemezani. Wakitaka kuambiana neno wananipitishia mimi, hata kama wote wawili wako mezani na mimi niko uani.

"Mwambie mwenzangu asogeze sukari," husema Babu Lami.

"Babu, mwenzako anaomba sukari."

"Mwambie sukari haimfai mtu wa umri wake."

"Mwambie yeye ndiye mkubwa. Nilimpigia kura ya huruma, kumbe sikuwa peke yangu niliyemwonea huruma, ila wenzangu hawakupiga."

Hiyo ya mwisho niliifupisha. Mjumbe hauawi, lakini pia hanywi chai ikiwa bado ya moto.

Basi halmashauri ikatangaza kwamba mitaa yote itapewa majina na vibao. Chini ya jina kutakuwa na sentensi moja ya sababu, ili watoto wajue walioitwa hivyo walifanya nini. Barabara yetu ilikuwa na majina mawili mezani, na kamati ingekuja Jumamosi kuwasikiliza wazee wenyewe, sebuleni kwetu.

Babu Lami alipokea habari hiyo kama mtu anayeletewa koti lake mwenyewe. Babu Nia alipoteza hamu ya kula. Nilimkuta chumbani akipiga brashi suti aliyoapishwa nayo, na ile suti ilikuwa haijapata vumbi tangu juzi alipoipiga brashi.

"Njoo, bibi mdogo," akasema. "Wewe uko kwenye klabu ya midahalo. Watu wa kamati hupima kwa kipimo gani?"

"Kupima nini, babu?"

"Mtu. Kiongozi." Akaketi kitandani. "Mimi nikifa watasema alikuwa na nia. Hata mbuzi akitazama kabichi ana nia. Kitu gani katika mji huu kina jina langu? Mama yako akiniletea dawa, kichupa kina jina langu. Basi."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia saa. Ningekuwa mtoto mwema ningemwambia sijui. Lakini bweni limenifundisha kwamba ajuaye hujibu, na asiyejua hujibu kwa sauti zaidi.

"Matokeo," nikasema. "Kamati hizi za siku hizi hazitaki kusikia nia hata kidogo. Ukitaja neno nia wanafunga mkoba. Sema kilichotokea kwa sababu yako, kiwe kikubwa au kidogo."

Akanitazama. "Hakijatokea kitu."

"Kitu hakikosi kutokea, babu. Tafuta."

Nilipotoka nikaitwa na mlango wa pili. Babu Lami alikuwa ananyoa ndevu mbele ya kioo, nusu uso povu.

"Mke mwenza wa bibi yako," akasema, "mwenzangu amekuuliza nini?"

"Siri ya wizara."

"Sawa. Hao wanaokuja wanapima kwa kipimo gani? Barabara wameiona, wataikanyaga wakija. Mimi nikae tu au niseme kitu?"

Hapa ndipo shetani wa likizo aliponikalia begani. Nikamwambia barabara yenyewe si hoja, maana hata mafuriko hutengeneza njia. Kamati za siku hizi zinapima moyo. Zinataka kujua ulikuwa unawaza nini wakati unajenga.

Wembe ukasimama. "Nilikuwa nawaza nini?"

"Ndiyo."

"Nilikuwa nawaza malori."

"Hiyo usiiseme."

Akafuta povu taratibu. "Basi nitatafuta mawazo mengine. Si lazima mtu awe na wazo moja."

Naomba ieleweke kwamba nia yangu haikuwa mbaya. Nilitaka tu kuona nini kitatokea, kama mtu anavyotingisha soda kabla ya kumkabidhi mwenzake.

Jumamosi kamati ilifika, watu wawili. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mnene mwenye cherehani maarufu mjini, aliyezoea kumtazama mtu na kujua kiuno chake bila futi kamba. Katibu alikuwa kijana mwembamba mwenye tai ndefu kuliko kifua. Alisimama akasoma majina kamili ya wazee wetu, na majirani waliokuja kusikiliza wakageuka mlangoni kuona hao wageni ni nani. Mwenyekiti akamwambia aseme Nia na Lami, tutaelewana. Wazee wakakaa ncha mbili za kochi moja, katikati mimi.

Babu Nia akaitwa kwanza. Akasimama, akafunga kifungo cha koti. Niliona mdomo wake ukijaribu kusema "Nia yangu", ukajizuia, kama mtu anayeruka dimbwi kwa mazoea na kukuta limekauka.

"Nitaeleza matokeo," akasema. "Kwanza, maktaba. Kwa kuwa haina paa na ina kuta, wanawake wa mtaa wa juu wanaanika nguo humo. Jua linaingia, vumbi haliingii, na wezi wanaogopa kuonekana wakiingia maktaba. Kwa hiyo mtaa wa juu una mashuka meupe kuliko mtaa wowote."

"Ni kweli," akasema jirani mmoja mlangoni.

"Pili, mabomba. Yale makubwa. Mvua ikinyesha watu hujificha ndani. Vijana nao hujificha ndani hata isiponyesha." Akakohoa. "Nimefanya utafiti. Ndoa nyingi za mtaa huu zilianzia kwenye mabomba yangu. Mwanangu mwenyewe alimkuta mke wake humo siku ya mvua, akiwa binti wa mpinzani wangu, na hakuna namna nyingine ambayo wangekaribiana, maana nyumba zetu zilikuwa hazisalimiani. Huyu aliyeketi hapa," akaniwekea mkono kichwani, "ni matokeo ya mradi wa maji."

Sebule ikaangua kicheko. Nimewahi kuitwa mengi na matroni wa bweni, lakini hata yeye hakuwahi kuniita mradi wa maji. Hata Katibu alicheka akashika tai yake. Babu Nia akatazama huku na huku, na nikaona kitu nisichokitarajia: alikuwa anashinda. Watu walikuwa wanampenda. Mgongo wake ukaanza kunyooka.

Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa anampima kwa macho.

"Mzee," akasema, "haya ulikusudia?"

Nilikuwa nimemwambia kwamba swali hilo haliwezi kuulizwa. Babu akanitazama. Mimi nikatazama dari, ambayo ina doa la mvua lenye umbo la bata.

"Hapana," akasema babu.

"Ulikusudia nini?"

"Maji." Akafungua kifungo cha koti. "Marehemu mke wangu alibeba ndoo kutoka bondeni hadi siku aliyoshikwa na uchungu wa huyu mwanangu fundi. Nilimwambia nikipata kiti, hutabeba tena. Hiyo ndiyo ilikuwa nia. Yaliyobaki ni kialama." Akakaa, halafu akasimama tena nusu. "Na nawaombeni, kama mtaandika kibao, msiandike habari za mashuka na vijana kujificha. Kumsifu mtu kwa jambo asilolijua ni kama kumshukuru mwizi kwa sababu amekufungulia mlango uliokwama. Bora nisiandikwe."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Nilitaka kumwambia kitu lakini nilikuwa mjumbe, na hakuna aliyenituma.

Babu Lami hakusimama, kwa sababu ya nyonga. Alianza na sauti laini ambayo sijawahi kuisikia nyumbani, hata akiomba sukari.

"Ndugu zangu, mimi nilikuwa silali. Nageuka huku, nageuka kule. Nawawaza akina mama wajawazito. Najiuliza, watafikaje zahanati katika tope lile? Machozi yananitoka. Mke wangu ni shahidi."

Bibi alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. "Kulala alikuwa halali," akasema. "Lakini alikuwa anahesabu matofali. Kwa sauti. Mpaka mimi nami nikaota tanuru."

"Mama, mwache ajieleze," akasema Mwenyekiti.

"Namwacha. Nimemwacha ajieleze tangu nimeolewa."

"Nilikuwa nahesabu matofali ya wodi ya wazazi," akasema Babu Lami bila kupepesa. "Niliyonuia kuijenga."

Hapo nikajua kwamba nimeumba kitu nisichoweza kukizuia. Mzee alikuwa amepata ladha ya nia njema, na ilikuwa inampanda kichwani kama pombe kwa mtu asiyezoea. Akanuia wodi. Akanuia taa za barabarani. Akanuia gari la wagonjwa lenye kitanda cha sponji. Majirani walipiga makofi. Katibu alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma, na Babu Nia, pembeni yangu, alikuwa anazidi kuingia ndani ya suti yake, akisikiliza hotuba zake zote za zamani zikisomwa na mtu mwingine na kupigiwa makofi.

Mama yangu aliingia wakati huo kutoka zamu ya asubuhi. Alikuwa na sare yake ya ukunga, na kuanzia magotini kwenda chini alikuwa tope tupu.

"Samahanini," akasema, "naoga nakuja."

Mwenyekiti akamtazama miguu. Nadhani hakuna mtu mwingine aliyeitazama, sisi tumezoea. "Nesi, umeanguka wapi?"

"Sijaanguka. Tumembeba mzazi, mimi na mwenzangu. Bajaji imemfikisha inapofika."

"Inafika wapi?"

"Lami ilipoishia."

"Na lami inaishia wapi?"

Mama akamtazama baba yake, akaona sebule imejaa, akaona tai ya Katibu. Lakini alikuwa amechoka, na aliyechoka hana siasa. "Kwenye geti la tanuru," akasema. "Zahanati iko mbele pale, unaiona kabisa. Ila katikati ni tope."

Mwenyekiti akageuka polepole, kama cherehani inayokunja kona. "Mzee Lami. Ulikuwa hulali kwa ajili ya wajawazito."

"Ndiyo."

"Machozi yakikutoka."

"Mengi."

"Sasa, wajawazito hawa walikuwa wanazalia tanuruni?"

Babu Lami akatazama kikombe chake. Akamtazama bibi, na bibi akawa anapanga vijiko. Ndipo akasema maneno ambayo kwa hesabu yangu yataishi kuliko lami yake.

"Nia ilikuwepo," akasema. "Ila bajeti haikutosha."

Kilichofuata kilianza kama kikohozi. Babu Nia alikuwa ameinama, mabega yanatetemeka, na Katibu akakimbilia maji akidhani ni ugonjwa. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika goti langu, halafu, bila kunipitishia mimi, akamwambia mwenzake uso kwa uso:

"Karibu chamani. Ada ya uanachama ni kutukanwa."

"Nyamaza wewe," akasema Babu Lami. Yalikuwa maneno yao ya kwanza ya moja kwa moja tangu uchaguzi ule.

"Miaka yote nilikuwa naitafuta hiyo kauli kinywani mwako."

"Mimi nimeambiwa kamati inapima nia."

"Nani kakwambia? Inapima matokeo."

"Inapima nia. Nimeambiwa na—"

Wote wawili wakageuka kunitazama. Kochi ni dogo, na mimi nilikuwa katikati.

"Sisi," akasema Mwenyekiti, "hatujui tunapima kwa kipimo gani. Tulikuja kusikiliza. Huyu binti ndiye aliyekuwa na mwongozo?"

Wazee wakaafikiana juu ya adhabu yangu papo hapo, kwa sauti ya chini, wakinong'onezana juu ya kichwa changu. Naiandika kwa ajili ya historia: muungano wa kwanza wa vyama viwili katika mji huu ulihusu masikio yangu.

Kamati ikatoka uani kushauriana, ikarudi. Mwenyekiti alisema wameikanyaga lami wakija, na asingekuwa muungwana kusema haipo. Kwa hiyo toka sokoni hadi getini itaitwa Barabara ya Lami, na sababu itakuwa "Aliijenga", bila akina mama na bila machozi. Babu Lami akakubali kwa kichwa. Nadhani alipumua, maana gari la wagonjwa lilikuwa limeshaanza kumlemea.

"Toka getini hadi zahanati," akaendelea, "hakuna barabara. Ila kwenye ramani kuna mstari, na mstari lazima uwe na jina. Mzee Nia, tumefikiria wewe."

Mimi mwenyewe sikujua kama hiyo ni heshima au tusi, na nimesoma. Kumpa mtu aliyetaka jina maisha yake yote kipande cha tope ambacho hata bajaji hukikimbia.

"Sababu mtaandika nini?" akauliza babu.

"Chagua wewe."

Akafunga tena kifungo cha koti. Kisha akasema, "Msiandike sababu. Acheni nafasi."

Kibao kiliwekwa, na mji haukukawia. Kufikia wiki iliyofuata watu walikuwa wanasema gari limekwama kwenye Nia. Mwanafunzi akichelewa, ameteleza kwenye Nia. Mama akirudi na viatu mkononi alisema, "Leo Nia ni mbaya." Babu alikuwa anasikia yote hayo akiwa barazani. Siku ya kwanza alinyamaza. Siku ya pili alivaa suti akaenda halmashauri. Akarudi, akaenda tena. Walimwambia kifusi hakuna. Akakaa kwenye benchi lao mpaka mlinzi akaanza kumletea chai. Mtu aliyezoea kutukanwa kwa nia yake alikuwa hajawahi kutukanwa na tope lenye jina lake, na alisema hilo haliwezekani.

Halmashauri ikatoa lori. Kifusi haikutoa.

Siku hiyo mimi nilikuwa pale na koleo na mabuti makubwa kuliko miguu yangu, nikitumikia kifungo walichonipa wazee. Lori likatoka getini kwa Babu Lami likiwa limejaa matofali yaliyovunjika, na Babu Lami mwenyewe nyuma yake kwa mkongojo. Babu Nia akasimama katikati ya tope akanyoosha mkono. Lori likasimama.

"Hii ni nini?"

"Matofali. Hayauziki. Mwaga."

"Ngoja. Unayatoa kwa nia gani?"

"Nia gani, bwana? Yananijazia uwanja. Nasafisha."

"Kama unasafisha, rudisha. Hii barabara si jalala. Sema unawatolea akina mama, yamwagwe."

"Nilishasema la akina mama nikaumbuka mbele ya watu. Sisemi tena. Nasafisha uwanja."

"Basi lori halipiti."

"Wewe unataka barabara au unataka maungamo?"

"Vyote viwili."

Dereva akazima injini akatoa gazeti. Bajaji ikaja nyuma ya lori, ikapiga honi, na ndani yake alikuwamo mama mjamzito anayepumua kwa hesabu. Mama yangu akaja mbio kutoka zahanati, sketi mkononi, akazama, akajinasua, akawatazama baba yake na baba mkwe wake wakinyoosheana vidole.

"Dereva," akasema, "mwaga."

"Kwa amri ya nani, nesi?"

"Mwaga, nimesema."

Akamwaga. Nikaanza kusambaza matofali kwa koleo, huku wazee wakisogea pembeni bila kuacha kubishana, na yule mjamzito akashikwa mikono huku na huku, akapita juu ya matofali akiyumba. Hakuuliza yametoka kwa nani wala kwa nia gani. Alichouliza ni kama yanafika mpaka mlangoni.

"Hayafiki," nikamwambia. "Lori lingine linakuja."

Babu Lami aligeuka akanikata jicho. "Nani kasema kuna lingine?"

"Sema unalitoa kwa nia gani," akasema Babu Nia, "kisha tutaona."